Siku tano ndani ya gari-nyumba Louisiana, na turubai lililotula dola 900

Nianze na hesabu, maana kila niliyemwonyesha picha aliniuliza bei kabla hajaniuliza tulikwenda wapi. Kukodi gari-nyumba, yale madude yenye vitanda, jiko na choo ambayo Wamarekani huyaita RV, ilikuwa dola 165 kwa usiku. Tulilala usiku tano, kwa hiyo 825. Bima 150. Ada ya kuliandaa gari, ambayo hadi leo sijui waliandaa nini, 95. Mafuta karibu 180. Nafasi ya kupaki yenye umeme na maji, dola 52 kwa usiku, ikawa 260. Mchango wa klabu kwa milo na matembezi, 110 kila mtu mzima na 60 kila mtoto, 340. Jumla 1,850 kwa watu wanne. Halafu kuna 900 nyingine ambazo hazikuwa kwenye bajeti, nitazifikia.

Kwa pesa hiyo ungelala hoteli na kula mgahawani siku zote tano. Mtu akikwambia RV ni njia ya kubana matumizi, jua anayo ya kwake nyumbani na ameshasahau alivyoinunua.

Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Houston mwaka wa tisa sasa. Baba watoto anaendesha lori la masafa marefu, mimi natunza wazee. Walioturoga ni majirani zetu, mzee mmoja na mkewe waliostaafu, ambao watoto wangu huwaita babu na bibi kwa Kiswahili kabisa. Wako kwenye klabu ya watu wa RV, magari kama kumi na tano, wengi wao wastaafu, na mara tatu au nne kwa mwaka hufunga msafara kwenda mahali kula chakula cha wenyeji na kutembea. Aprili hii walikuwa wanakwenda Breaux Bridge, kusini mwa Louisiana, msimu wa kamba wa matopeni. Babu akasema njooni. Watoto wakasikia. Hapo mjadala ukawa umekwisha.

Nikatumiwa fomu. Majina, umri, urefu wa gari, na chini kabisa kisanduku: kuna chakula msichokula? Nikakiacha wazi. Nilijiambia sisi ni wageni, na weusi peke yetu kwenye msafara, na Waislamu peke yetu. Tukianza na masharti ya nguruwe kabla hata hatujasalimiana, watatuona wasumbufu. Tutachagua tukifika. Ukipata fomu kama hiyo, kijaze hicho kisanduku kabla ya jina lako.

Kosa la pili si langu. Siku ya kuchukua gari, kijana wa kampuni alitaka kutuzungusha dakika arobaini akituonyesha kila kitu. Baba watoto akamtazama yule kijana, akalitazama gari la futi 28, yaani mita nane na nusu, akacheka. "Mimi navuta tela la futi 53, mdogo wangu. Nipe funguo." Kijana akampa funguo na karatasi ya kusaini. Kuendesha, kweli, hakukuwa na shida. Texas leseni ya kawaida inatosha kwa gari lisilozidi pauni 26,000, karibu kilo 11,800, na letu halikufika hata pauni 15,000. Lakini lori halina choo. Halina turubai la kivuli ubavuni. Halina chumba kinachosukumwa nje kwa kubonyeza swichi. Kama unakodi kwa mara ya kwanza, mwache kijana aseme yote, na wewe umrekodi kwa simu tangu mwanzo hadi mwisho. Saa tatu usiku, gizani, mvua inanyesha, video hiyo ni mali.

Jambo jingine dogo: andika kimo cha gari kwenye kipande cha karatasi ukibandike mbele ya dereva. Letu lilikuwa kama mita 3.4. Hata dereva wa lori huweza kujisahau akaingia kwenye mkahawa wa kununulia dirishani, na watoto nyuma wanapiga makofi.

Kutoka Houston hadi Breaux Bridge ni kama kilomita 360, barabara moja tu ya I-10 moja kwa moja mashariki. Msafara una utaratibu wake. Mbele anakwenda kiongozi, na wetu alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, mfupi, sauti kama ya kwenye paredi. Nyuma kabisa kuna mfunga msafara, kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeachwa kando ya barabara. Katikati kila gari lina redio ya mkononi. Hatukuwa nayo, bibi akatuazima. Magari hayafuatani puani, wanaacha nafasi ili watu wengine wapite, na kila saa moja na nusu mnasimama. Lake Charles tulipanda daraja la Mto Calcasieu, la mwaka 1952, refu na la mwinuko mkali, na kwenye kingo zake za chuma kuna mapambo ya bastola zilizopishana. Mwanangu wa kiume akaanza kuzihesabu, akachanganyikiwa, akalia. Mimi sikuzihesabu, nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili, kwa sababu gari-nyumba likipitwa na lori kwenye upepo huyumba kama jahazi tupu.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Sasa ndipo nilipojua kazi ya utingo.

Nafasi yetu ilikuwa ya kuingia kinyumenyume, mti kushoto, nguzo ya umeme kulia. Nikasimama nyuma. "Rudi, rudi, rudi, kata kulia." "Kulia kwangu au kulia kwako?" "Kulia!" "Mama watoto, kulia kwa nani?" Wazee kumi wametoka nje na viti vyao, wanatazama. Sauti zilipanda, na nashukuru Mungu hakuna aliyejua Kiswahili pale. Mwishowe kiongozi akaja, akanishika bega akanisogeza hatua nne pembeni. Akasema: simama mahali unapouona uso wake kwenye kioo cha pembeni, usipomwona, naye hakuoni, unapiga kelele bure. Na msitumie kulia na kushoto, nyoosha mkono upande unaotaka sehemu ya nyuma ya gari iende. Mara moja tu, likaingia.

Umeme nao una mambo yake. Nguzo ya kambi ina soketi ya ampea 50 na ya ampea 30. Gari letu lilikuwa la 30, ambayo kwa umeme wao wa volti 120 ni wati 3,600 kwa kila kitu. Kiyoyozi peke yake kinakula kama 1,500. Mimi nikawasha maikrowevu kupasha chakula cha watoto, baba watoto akachomeka birika la chai, na hapo hapo giza. Tuliwasha swichi, tukarudia yale yale, giza. Mara ya tatu mzee wa gari la jirani akagonga: zima kiyoyozi kwanza, chemsha chai yako, kisha uwashe tena. Akatuazima pia kifaa cha kukinga gari na umeme mbovu na kingine cha kupunguza nguvu ya maji ya bomba, kwa sababu maji ya kambi mengine yana nguvu ya kupasua mabomba ya ndani. Vyote viwili vinauzwa, na havikuwemo kwenye gari la kukodi.

Sasa choo. Samahani kwa wanaokula.

Chini ya gari kuna matangi mawili ya maji machafu, moja la choo na moja la sinki na bafu, kila moja na koki yake. Baba watoto akaunganisha mpira wa maji taka kwenye shimo la kambi, akafungua koki zote mbili, akaziacha wazi. Akili yake ilimwambia kama nyumbani, yaende yenyewe. Kumbe ukiacha koki ya choo wazi, maji yanakimbia na kizito kinabaki kinajengeka mnara ndani ya tangi, na mnara huo ukikauka si wa kuondoa kwa mpira. Aliyegundua ni babu, asubuhi ya pili, akiwa na taa yake ya kichwani. Hakucheka. Aliinama, akafunga koki, akamwita baba watoto kando kama mtu anayempa habari ya msiba. Koki ya choo inafungwa muda wote mpaka tangi lifike angalau theluthi mbili. Kisha unafungulia la choo kwanza, halafu la sinki, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Glavu. Na maji mengi kila unapotumia choo, usiwe bahili. Baba watoto alisikiliza yote amesimama wima, mikono nyuma. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Jioni ya pili ndiyo iliyokuwa ya kamba. Wao huwaita crawfish: wana magwanda kama kambamti wadogo, ukubwa wa kidole, wekundu wakiiva. Njiani tulikuwa tumeona mashamba ya mpunga yaliyojaa maji na ndani yake vichwa vyekundu vya mitego vimetokeza juu kama pilipili zilizopandwa kwa mstari. Wakulima wa kule hutumia majaruba yale yale, mpunga kisha kamba. Sufuria lilikuwa la kuchemshia chakula cha shughuli, lina jiko lake la gesi, na humo ndani kamba gunia zima, mahindi, viazi, vitunguu saumu, malimau na pilipili ya unga ya kukohoza. Meza ndefu ikatandikwa magazeti, sufuria likamwagwa katikati, hakuna sahani. Unakata kichwa kwa kukisokota, unafyonza supu ya kichwani, unamenya mkia.

Baba watoto alimshika mmoja kwa ncha za vidole, akamgeuza. "Huyu si kamba," akaninong'oneza. "Huyu ni nge aliyekwenda kuoga."

Na katikati ya lile rundo, vipande vya soseji. Nikauliza kwa kuzungukazunguka, soseji ya nini? Nguruwe. Zote zimechemka chungu kimoja. Watoto walikuwa wameshika mahindi, nikawapokonya. Mama mmoja akaniuliza mbona hatuli, nikasema tumeshiba. Watu wanne, tumeendesha mchana kutwa jana, leo tumetembea kambi nzima, tumeshiba. Tukarudi garini tukala mkate na mayai gizani, kiyoyozi kimezimwa ili birika lifanye kazi.

Asubuhi kiongozi akaja mlangoni na kahawa mkononi. Mwalimu ni mwalimu, alikuwa ametuona. Nikamweleza. Hakukasirika kwa sababu ya nguruwe, alikasirika kwa sababu ya kisanduku. "Nilikuuliza kwa maandishi," akasema. Kwenye msafara ule kulikuwa na mzee asiyekula chumvi, mwenye mzio wa karanga, na mama ambaye hali kitu chochote chenye macho, na wote walikuwa wamepangiwa. Jioni ile tulichemshiwa chungu chetu, kipya, bila soseji, na baba watoto akamla yule nge mpaka akaacha kilima cha maganda mbele yake.

Kwa ndugu zangu mnaokula halali mnaokwenda kusini mwa Louisiana, nguruwe yumo mahali ambapo hutamtarajia. Boudin, soseji yao ya wali inayouzwa hadi kwenye vituo vya mafuta, ni ya nguruwe. Maharage mekundu na wali, ambayo kwa macho ni wali maharage wa kwetu kabisa, kwa kawaida hupikwa na nyama yake ya kuvuta moshi. Hata majani ya mboga. Usitazame, uliza. Étouffée ya kamba, mchuzi mzito juu ya wali, mara nyingi huwa salama, na samaki kambare wa kukaanga, lakini uliza na mafuta. Na gumbo iko ya aina nyingi, ya kuku na soseji, ya vitu vya majini. Ile yenye bamia ndiyo iliyonisimamisha. Wataalamu wa lugha wanasema neno hilo limetoka kwenye jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, kingombo. Nimekaa Marekani miaka tisa, nimekula bamia za dukani kama mgeni, kumbe neno lilitangulia kufika, na waliolileta hawakuja kwa fomu wala mchango.

Usiku wa tatu ulikuwa wa kila mtu aje na chake. Niliwapikia wali wa nazi na kambare wa kupaka, nazi ya kopo, Mungu anisamehe. Sufuria lilisafishwa na mkate.

Matembezi sitayasimulia yote. Ila jifunzeni hili: wazoefu hufika na gari dogo limevutwa nyuma ya gari-nyumba. Wakishapaki, dude kubwa halisogei tena mpaka siku ya kuondoka. Wanazunguka na gari dogo. Sisi hatukuwa nalo, tukawa abiria wa watu, watoto gari hili, sisi gari lile. Kama huna, sema mapema ili upangiwe kiti. Tulikwenda Lake Martin kwa mashua, miti ya saiprasi imesimama majini na majani ya kijivu yananing'inia kama ndevu, na mamba wa kule wenye pua pana wamelala juu ya magogo. Tulikwenda Avery Island, kilima kilichokaa juu ya mwamba wa chumvi, wanakotengeneza pilipili ya Tabasco tangu 1868. Pilipili iliyosagwa hukaa kwenye mapipa ya mwaloni hadi miaka mitatu, kifuniko kimezibwa na chumvi. Baba watoto akaonja, akatikisa kichwa: miaka mitatu yote, na pilipili mbuzi ya Tanga inafika kwa dakika moja. Mimi nilipenda zaidi bustani yake yenye yangeyange weupe maelfu juu ya bwawa. Mwishoni mwa karne ya 19 ndege hao walikaribia kumalizwa kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake, na mwenye kisiwa akaanza kuwafuga hapo wachache mpaka wakarudi.

Siku ya nne ilikuwa ya hiari: Whitney, shamba la zamani la miwa huko Wallace, kando ya Mississippi, ambalo tangu 2014 ni makumbusho ya waliokuwa watumwa, si ya wenye nyumba. Unavuka kwanza daraja la Atchafalaya, karibu kilomita 29 juu ya kinamasi, unadhani halitaisha. Nusu ya msafara walibaki kambini na karata zao. Siwahukumu, ingawa nimekumbuka nani alibaki. Pale kuna kuta za mawe zimeandikwa majina 107,000 ya watu waliofanywa watumwa Louisiana, mengi ni jina moja tu, mengine yana kabila pembeni. Binti yangu, miaka kumi, alikuwa anasoma kwa sauti. Alipofika kwenye Congo akaacha kusoma, akaweka kidole pale. Mimi nimekulia karibu na Pangani, hadithi za minyororo nimesimuliwa tangu utoto, lakini zile zilielekea baharini upande mwingine. Bibi wa jirani alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakusema kitu, akampa mtoto chupa ya maji. Kwenye gari kurudi hakuna aliyewasha redio.

Labda ndiyo maana jioni ile hatukukumbuka turubai.

Turubai lile la ubavuni unalikunjua kwa swichi upate kivuli. Tulikuwa tumeanika juu ya mkono wake taulo za watoto. Saa nane usiku upepo ulikuja kwa mkupuo mmoja, bila kubisha hodi. Nilisikia mlio kama mlingoti umevunjika, gari likainuka kidogo upande wa kulia, na turubai lote likapinduka juu ya paa, chuma kinapiga bati, pa, pa, pa. Tulitoka nje na nguo za kulalia. Hatukujua pa kushika. Kisha taa za kichwani zikaanza kuja gizani, moja, mbili, sita, wazee wa miaka sabini wamevaa makoti ya mvua juu ya pajama. Mmoja akapanda ngazi, wawili wakashika mkono uliovunjika, kiongozi anapiga amri kwenye mvua. Wakalikunja, wakalifunga kwa kamba, wakaenda kulala. Nilipowaomba radhi babu aliniambia yeye la kwake la kwanza aliliangusha Arkansas.

Bima yetu haikuhusu turubai. Imeandikwa, ukurasa wa tatu, ile karatasi iliyosainiwa haraka. Dola 900 zikakatwa kwenye amana yetu ya 1,000. Kwa hiyo: turubai linakunjwa kila unapolala na kila unapotoka kambini, hata kama mbingu ni safi. Na soma kilichotengwa na bima kabla ya kusoma kilichomo.

Siku ya kuondoka baba watoto alilizunguka gari mara tatu, na karatasi. Waya wa umeme, mpira wa maji, mpira wa taka, ngazi ya mlangoni, kabari za tairi, gesi, chumba cha kusukuma, madirisha ya paa. Mara ya tatu akakuta ngazi bado iko nje.

Fomu ya Oktoba imeshakuja, wanakwenda Fredericksburg, milimani huku huku Texas. Nimejaza kisanduku cha chakula mistari mitatu, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma. Niliporudi kutoka jikoni nikakuta baba watoto ameongeza kwa mwandiko wake, kwenye sehemu ya maoni: tunaomba mtu wa kutufundisha turubai.